UZI: Sekondari za umma Marekani zinahitaji washauri wa vyuo, watu kabisa, siyo vipeperushi zaidi

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni kwa wazazi na walezi wenye watoto kwenye sekondari za umma huku Marekani, darasa la 9 hadi la 12. Utakuwa mrefu, kwa sababu jambo lenyewe lina kona nyingi na watoto wetu wanapotelea kwenye hizo kona. Nimekuwa nikisaidia familia zinazozungumza Kiswahili kujaza fomu za vyuo, na kila msimu nakutana na jambo lilelile: mtoto ana alama, ana nia, walimu wanamsifia, halafu shule za juu zinafunguliwa yeye yuko ghalani anapakia maboksi. Kazi ya ghala ni halali na imelisha nyumba nyingi za wenzetu. Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyo hakuichagua. Hakuna aliyekaa naye wakati milango mingine ilikuwa bado wazi.

Mtasema kaunsela wa shule si yupo? Yupo. Chama cha makaunsela, ASCA, kinapendekeza kaunsela mmoja kwa wanafunzi 250. Mwaka wa masomo 2023-24 wastani wa nchi nzima, ukihesabu madarasa yote, ulikuwa mmoja kwa 376. Na huyo mmoja ndiye anayepanga ratiba za masomo, anayekimbilia mtoto aliyezidiwa na mawazo, anayesuluhisha ugomvi, anayesimamia mitihani ya jimbo, anayeandika barua za mapendekezo. Ushauri wa chuo anaupata atakayegonga mlango wake. Sasa anayegonga ni nani? Ni yule ambaye mama yake alisoma chuo hapahapa na anajua kwamba Oktoba fomu za kuombea fedha za masomo zinafunguliwa. Wa kwetu tumemlea asisumbue wakubwa, basi anangoja aitwe. Haitwi.

Ndiyo maana nataka tujadili namna ya kudai mshauri wa vyuo ndani ya kila sekondari ya umma, mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu toka asubuhi mpaka jioni. Naomba kila mtu achangie, hata wenye maoni tofauti.

#2 BabaTatu

Mkuu nakubaliana kwa kiasi, lakini tuseme ukweli, taarifa zote ziko mtandaoni. Shule ya wanangu wanatuma barua pepe kila wiki, kuna usiku wa wazazi, kuna tovuti. Sisi wazazi ndio hatusomi. Kwa nini tudai serikali iajiri mtu wa kutusomea?

#3 Mleta uzi

BabaTatu, asante kwa kusema hivyo waziwazi, maana ndivyo wakuu wengi wa wilaya za elimu wanavyofikiri pia. Nikujibu kwa ushahidi.

Mwaka 2008 watafiti waliwaendea watu waliokwenda kwenye ofisi za H&R Block, wale wa kodi, huko Ohio na North Carolina. Walikuwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Kundi moja lilisaidiwa palepale kujaza FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuombea fedha za masomo. Taarifa nyingi zilichukuliwa kwenye kodi yao, mhudumu akawauliza yaliyobaki, kazi ikaisha kwa kama dakika kumi. Kundi la pili lilipewa maelezo tu: makadirio ya msaada ambao wangepata, bei za vyuo vya karibu, na himizo la kwenda kujaza wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Katika miaka mitatu iliyofuata, watoto waliokuwa wanamaliza sekondari ambao wazazi wao walisaidiwa kujaza, waliomaliza miaka miwili ya chuo walikuwa asilimia 36. Wasiosaidiwa walikuwa 28. Na wale waliopewa maelezo peke yake? Hakukuwa na tofauti ya maana na wasiopewa chochote.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena ndugu yangu. Makadirio yao wenyewe, yaliyopigwa kwa kipato chao wenyewe, mkononi, na bado hayakuwasogeza.

Baadaye yakaja majaribio ya ujumbe wa simu. Kwenye wilaya chache, ambako nyuma ya ujumbe kulikuwa na mshauri wa kumjibu mtoto, ulisaidia. Walipoupeleka kwa wanafunzi zaidi ya 800,000 nchi nzima kuwakumbusha FAFSA, matokeo yakawa hakuna. Kwa hiyo tatizo si kwamba mzazi hasomi. Mzazi anasoma, anafika kwenye swali asilolielewa, hana wa kumuuliza, anafunga kompyuta. Kesho ana zamu.

Upande wa watu hali ni tofauti. Shirika la Bottom Line, lililoanzia Boston mwaka 1997, linamshika mtoto kabla hajamaliza sekondari na kuendelea naye akiwa chuoni. Lilipimwa kwa kulinganisha waliopangiwa mshauri na waliokosa nafasi hiyo kwa bahati nasibu. Waliopata mshauri walimaliza digrii ya kwanza kwa kiwango cha juu kuliko wenzao, siyo kujiunga tu. Hapo ndipo fedha ya umma ingetakiwa iende.

#4 Mgeni

Shikamooni wakubwa. Mimi niko darasa la 11, tulikuja nikiwa naanza darasa la 9. Mwaka wa kwanza niliwekwa kwenye madarasa ya Kiingereza ya wageni karibu siku nzima. Sasa naambiwa kwa vyuo vikuu vya jimbo hapa California kuna masomo sikusoma. Nitahitimu lakini sitaweza kuomba? Sielewi maana kredit za kuhitimu ninazo.

#5 Mleta uzi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza ukiwa darasa la 11, si Mei ya darasa la 12.

Unachokiongelea kinaitwa A-G. Ni masomo 15 ya mwaka mzima ambayo mifumo miwili ya vyuo vikuu vya jimbo la California, UC na CSU, inayataka, kila moja uwe umepata C au zaidi. Masharti ya kuhitimu sekondari ni kitu kingine. Mtu anaweza kuvaa joho, akapigiwa makofi, akapewa cheti, na bado asiwe na sifa ya kuomba moja kwa moja kwenye chuo kikuu cha jimbo lake. Watoto wengi wanaligundua hilo wakati wamechelewa.

Fanya hivi wiki hii. Nenda kwa kaunsela, mwambie maneno haya: "Naomba tupitie nakala yangu ya alama pamoja, unionyeshe somo moja moja la A-G ambalo sijamaliza." Usiulize kama unaendelea vizuri, maana utajibiwa ndiyo. Angalia hasa hesabu, maabara za sayansi, na lugha ya pili. Kuhusu lugha, uliza kama Kiswahili chako kinaweza kuthibitishwa ili kikuhesabie. Halafu uliza ni masomo gani unaweza kuyachukua majira ya joto, au kwenye chuo cha jamii ukiwa bado sekondari. Ukibaki na pengo usilie: unaingia chuo cha jamii cha miaka miwili, unahamia UC au CSU mwaka wa tatu. Ni njia halali kabisa na wengi wameipita. Lakini uipite kwa kuichagua.

Wengine mnaosoma, oneni kwamba ushauri wa chuo unatakiwa kuanza darasa la 9. Aliyepanga ratiba ya huyu kijana alipofika alikuwa anashughulikia Kiingereza, na Kiingereza kilihitajika kweli. Hakukuwa na mtu wa pili mezani wa kusema, "sawa, na aljebra je?"

#6 MamaMapacha

Dada yangu Mungu akubariki kwa uzi huu. Binti yangu mmoja amepokea barua ya msaada wa fedha kutoka chuo cha nje ya mji. Gharama ya mwaka wameandika dola 31,000, msaada jumla dola 31,000, kinachobaki sifuri. Nimefurahi sana, tumeshaanza kuwaambia ndugu. Pacha wake amepata kidogo kwenye chuo cha hapa karibu, anasikitika. Nimtume huyu wa kwanza?

#7 Mleta uzi

Mama, hongera kwa mabinti wote wawili. Kabla hujalipa chochote, naomba uniandikie humu kila mstari wa hiyo barua kama ulivyo, bila jina la mtoto wala la chuo.

#8 MamaMapacha

Nimekaa nayo hapa. Pell Grant 7,395. Grant ya chuo 6,000. Direct Subsidized 3,500. Direct Unsubsidized 2,000. Work-Study 2,500. Parent PLUS 9,605.

#9 Mleta uzi

Sawa mama. Twende mstari kwa mstari.

Mbili za kwanza ni ruzuku, hazirudishwi: 7,395 na 6,000, jumla 13,395. Hiyo ndiyo zawadi ya kweli. (Pell ni ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato cha chini, na 7,395 ndicho kiwango chake cha juu kabisa.) Mistari miwili ya Direct ni mikopo ya binti yako, jumla 5,500, ambayo ndiyo ukomo wa mwaka wa kwanza kwa mtoto anayehesabiwa kuwa chini ya wazazi. Tofauti yake ni kwamba ule wa kwanza hauzai riba akiwa anasoma, wa pili unaanza kuzaa tangu siku unapotolewa. Work-Study ni kibarua: atafanya kazi chuoni alipwe kwa saa, hiyo hela haipunguzi bili ya Agosti. Na huo mstari wa mwisho, 9,605, ni mkopo kwa jina LAKO wewe mama, na kwanza utachunguzwa historia yako ya madeni kabla ya kuupata.

Kwa hiyo bei halisi ya chuo hicho kwenu ni 31,000 toa 13,395, yaani 17,605 kwa mwaka mmoja. Zidisha kwa minne. Ile sifuri walioiandika chini imejazwa kwa madeni na kibarua.

Sasa chukua barua ya pacha wake ufanye hesabu hiyohiyo: gharama yote, toa ruzuku tu. Inawezekana kabisa aliyepata "kidogo" ndiye mwenye ofa nzuri zaidi, hasa kama atalala nyumbani. Na huyu wa kwanza unaweza kuandika chuoni kuomba waangalie upya, hasa kama kipato chenu kimeshuka tangu kodi mliyotumia. Wanapokea maombi hayo kila mwaka.

Mama hakukosea popote. Barua ziko hivyo. Ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu, GAO, ilichunguza mwaka 2022 ikakadiria kuwa asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi bei halisi ama vinaionyesha pungufu. Mtu aliyesoma barua mia moja za namna hii anaimaliza kwa dakika tano. Mzazi anayeiona kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza, akiwa amechoka, anawezaje?

#10 FundiUmeme

Nipingane kidogo. Mimi ni fundi umeme, nina familia, nina nyumba, sina deni la chuo. Huu wimbo wa kila mtoto aende chuo umewaharibu wengi. Mnataka mtu alipwe mshahara shuleni kuwasukumia watoto kwenye mikopo?

#11 Mleta uzi

Fundi, hoja yako ni nzito na sitaki kuikwepa. Kuna watoto wameingia chuo bila mpango, wakaacha njiani na deni bila cheti. Hao ndio wanaoumia kuliko wote.

Ila angalia: barua ya MamaMapacha ingemsukumia nani kwenye mkopo? Aliyekosa mshauri. Mshauri mzuri kuna wakati kazi yake ni kusema "usisaini hiyo." Na njia yako ya ufundi nayo ina milango yake. Chuo cha ufundi cha umma kinapokea FAFSA vilevile na Pell inalipia kozi nyingi za vyeti. Sheria iliyopitishwa 2025 inaifungulia Pell hata kozi fupi za kazi za wiki 8 hadi 15, kuanzia Julai 2026. Mafunzo ya uanagenzi yana tarehe za kuomba na mitihani ya hesabu ya kuingilia. Nani atamwambia mtoto wetu hayo? Wewe ulipata aliyekwambia. Tennessee wameliweka vizuri: mpango wao wa Tennessee Promise, ulioanza na wahitimu wa 2015, unalipia chuo cha jamii au cha ufundi, na kila mwanafunzi anapewa mlezi wa kumfuatilia. Mlezi ni sehemu ya mpango wenyewe.

#12 MwlHesabu

Mimi ni mwalimu kwenye sekondari ya umma, nawasoma kimya tangu jana. Niongeze kitu ambacho wazazi hawakioni: majira ya joto. Mtoto amehitimu Juni, shule imefungwa, kaunsela yuko likizo bila malipo, chuo bado hakijaanza. Miezi miwili na zaidi hana mtu. Na ndiyo miezi yenye makaratasi mengi.

#13 Mleta uzi

Mwalimu umegusa penyewe. Watafiti Benjamin Castleman na Lindsay Page walikuta kwamba asilimia 10 hadi 40 ya waliokuwa wamekubaliwa na kudhamiria kwenda, kutegemea wilaya, hawaonekani chuoni muhula unapoanza. Wanaopotea zaidi ni wa familia za kipato cha chini.

Kuna kijana niliyemsaidia, bili yake ilikuwa imezidi kwa maelfu ya dola mwezi Julai, na baba yake akaamua kijana asiende. Tukafungua bili kwenye akaunti ya mwanafunzi. Chuo kilikuwa kimemwandikia bima ya afya ya chuo moja kwa moja, kama kinavyofanya kwa kila asiyethibitisha kwamba ana yake. Kijana alikuwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini. Fomu ya kukataa bima ilikuwa chini kabisa ya ukurasa, ina tarehe ya mwisho, inataka namba ya kadi tu. Tuliijaza, ile hela ikafutwa, baba akanyamaza kidogo halafu akasema, "Basi afunge begi." Kijana mwenyewe alikuwa hajawahi kuufungua huo ukurasa.

Mambo ya namna hiyo ni mengi: rekodi za chanjo, mtihani wa kupangwa darasa la hesabu, amana ya bweni, chuo kutaka uthibitisho wa taarifa za FAFSA. Kila moja ni dogo. Moja tu likikwama linatosha kumrudisha mtu nyumbani. Kwa hiyo tunapodai mshauri, mkataba wake ufike Agosti. Mkataba unaoishia Juni unamwacha mtoto mlangoni.

#14 BabaTatu

Nimeelewa mkuu, narudisha maneno yangu kwamba wazazi ndio hatusomi. Swali la mwisho kutoka kwangu: hela itoke wapi? Wilaya yetu mwaka jana wamepunguza hata madereva wa mabasi.

#15 Mleta uzi

Swali la haki. Fedha za dharura za korona, zile za ESSER, ndizo zilizowezesha wilaya nyingi kuajiri watu wa namna hii, na mwisho wa kuzipangia matumizi ulikuwa Septemba 2024. Baada ya hapo nafasi zikaanza kufutwa. Ila kuna njia.

Ya kwanza ni vijana waliomaliza chuo karibuni. College Advising Corps ilianza mwaka 2005 kutoka Chuo Kikuu cha Virginia. Inachukua wahitimu wapya, wengi wao wa kwanza kusoma chuo kwenye familia zao, na kuwaweka kwenye sekondari za umma kwa kutwa nzima, kwa mwaka mmoja au miwili, gharama zikigawanywa kati ya vyuo, wafadhili na wilaya. Mtoto wa miaka 17 anamsikiliza mtu wa miaka 23 kuliko anavyotusikiliza sisi. Udhaifu wake nausema pia: wanaondoka wakiwa ndio wamekomaa na kazi, na baadhi ya programu hizi zinategemea AmeriCorps, shirika la serikali kuu la huduma za kujitolea, ambalo ruzuku zake zilikatwa kwa wingi Aprili 2025. Hivyo naziona kama mwanzo, nafasi yenyewe iwe kwenye bajeti ya wilaya.

Ya pili ni programu za serikali kuu ambazo huenda tayari ziko jirani na shule yako: Upward Bound na Talent Search, zilizozaliwa kwenye sheria za 1964 na 1965, na GEAR UP ya 1998. Zinalenga watoto wa kipato cha chini na wale ambao wazazi hawana digrii. Hao ni wetu. Uliza chuo cha karibu kama wanaziendesha.

Lakini msikubali wilaya iwape amri badala ya mtu. Majimbo kadhaa yamelazimisha kila mhitimu ajaze FAFSA au asaini kujitoa. Louisiana ilikuwa ya kwanza, ikianza na wahitimu wa 2018, na waliojaza waliongezeka sana. Mwaka 2024 wakaiondoa amri hiyo. Amri inaweza kusaidia pale ambapo kuna anayekaa na familia. Mnakumbuka msimu wa 2024, fomu mpya iliyotoka siku moja kabla ya mwaka kuisha badala ya Oktoba, na kwa miezi watoto ambao wazazi wao hawana namba ya Social Security hawakuweza kuimaliza? Walioshinda ule msimu ni waliokuwa na mtu wa kuwapigia simu mara kwa mara mpaka Machi.

#16 MamaMapacha

Tumepiga hesabu. Ya chuo cha hapa karibu inabaki dola 4,100 kwa mwaka akilala nyumbani. Ndugu nimeshawapigia kuwaeleza. Sasa nataka niende kwenye kikao cha bodi ya shule nikaseme haya. Kiingereza changu si cha kusimama mbele za watu. Naenda vipi?

#17 Mleta uzi

Mama, nenda. Bodi nyingi zinachaguliwa kwa kura, na vikao vyao vina muda wa wananchi kusema, kwa kawaida dakika mbili au tatu kwa mtu. Ingia tovuti ya wilaya utafute kikao kinachojadili bajeti, mara nyingi ni majira ya kuchipua. Piga simu siku kadhaa kabla, uombe mkalimani wa Kiswahili na ujiandikishe kusema. Uliza pia kama dakika zako zinaongezwa ukitafsiriwa, maana bila hivyo unabaki na nusu. Mwanao asiwe mkalimani wako siku hiyo.

Usiende peke yako. Wazazi watano waliokaa mstari mmoja wanaonekana.

Omba vitu vitatu na uviache pale kwa maandishi. Mshauri wa vyuo wa kutwa nzima kwenye sekondari ya mwanao, mkataba wake ufike mwisho wa Agosti. Mapitio ya nakala ya alama kwa kila mtoto wa darasa la 9 na kila mgeni anayeandikishwa, mzazi akiwepo na mkalimani akiwepo. Na ripoti ya kila mwaka: wangapi wamehitimu, wangapi wamekamilisha FAFSA, wangapi wameonekana chuoni au kwenye ufundi ilipofika vuli, ikitenganisha wanaojifunza Kiingereza. Hiyo ya tatu watasema ni ngumu. Takwimu za kujiunga na vyuo zinapatikana kupitia National Student Clearinghouse, na wilaya nyingi tayari zinazilipia.

Halafu wasomee ile barua. Mistari yote sita, na namba zake.

#18 MwlHesabu

Mama, niandikie kwa ujumbe wa ndani jina la wilaya yako. Kama ni yetu, nakuja kukaa na wewe huo mstari.